Aliyesamehewa Bila Sisi Kuulizwa

Paskali mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga ndugu za baba yako, na wale hawajui kumwachia mtu aondoke kabla hajala, kwa hiyo jioni yote hii ni yangu peke yangu. Mambo ya nguo na sabuni utayaona mwenyewe ukifungua begi. Kusali sikukumbushi, huko seminari watakukumbusha mpaka uchoke. Ninakuandikia jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai atakayekuambia, isipokuwa mmoja, na huyo hatathubutu.

Lilianza na lile ulilomwambia Mzee Maduhu Jumapili. Alikuja kutusalimia, akakaa kwenye kigoda anakunywa maziwa, nawe ukamuuliza kwa nini amezeeka hivi hajabatizwa. Akasema hajaona haja. Ukamwambia, na sauti yako ilishakuwa ya altareni: "Babu, mtu asiyemwogopa Mungu, ni nini kinamzuia asiue?" Mzee akafuta mdomo, akasema, "Sijui, baba. Labda uvivu." Akacheka. Ukanitazama ukitegemea mimi nitakuunga mkono, nami nikanyanyuka nikaenda kuwafungia kuku. Tangu siku hiyo nakuangalia unavyokunja mashati yako na kujiuliza kama nikuache uende kuwa padre na swali hilo likiwa jepesi namna hiyo kinywani mwako. Nimeamua nisikuache.

Bibi yako Holo, mama yangu, nilikuambia kwamba aliugua kabla hujazaliwa. Hakuugua. Alikatwa kwa panga shambani kwake Sapiwi, mchana, tukichuma pamba. Mimi nilikuwa mistari michache tu kutoka pale alipokuwa, na wewe ulikuwa tumboni mwangu.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda ushirika, nawe unalipwa siku utakayokumbukwa. Ghafla malori yakawa yanaingia mpaka vijijini, yanashindana, na mashamba ambayo watu walikuwa wanayapita bila kuyaangalia yakaanza kuangaliwa. La mama lilikuwa bondeni, udongo mweusi. Baba yangu alipofariki alimwachia yeye, na mdogo wake baba, Nkwabi, hakulipenda jambo hilo. Mwaka huohuo surua ikamchukulia Nkwabi watoto wawili. Akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia amtafute aliyewaroga, mwanamke mzee, wa karibu yake, mwenye macho mekundu.

Macho ya mama yalikuwa mekundu. Kila mwanamke wa Sapiwi mwenye umri wake alikuwa nayo. Miti kwetu ilishakwisha, tulikuwa tunapikia miti ya pamba iliyokauka na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi uliwala macho ujana wao wote, na uzeeni wakauawa kwa ajili ya hayo macho.

Alikuja kijana mmoja anapita katikati ya mistari ya pamba, panga mkononi, kama mtu anayekwenda kukata fito. Akamwamkia mama kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama, "Mwadila, mayu." Mama akanyoosha mgongo, akaitikia, akamuuliza kama wazee wote wa kwetu wanavyomuuliza mgeni: "Wewe ni mtoto wa nani, ng'wanone?" Ng'wanone, mwanangu. Paskali, yule kijana akajibu. Akataja jina la baba yake na kijiji chao, upande wa Maswa, amepiga goti kidogo, kwa heshima. Mama akaanza kusema kwamba watu wa kule anawafahamu. Hakumaliza. Alimkata shingoni, kisha mkononi alipojikinga, kisha shingoni tena.

Mimi nililala chini kwenye mtaro, kifudifudi, na wewe ukiwa chini yangu, nikajijaza pamba mdomoni ili nisipige kelele. Sikupiga mwano mpaka nilipokuwa na hakika ameshafika mbali. Usinionee huruma kwa hilo, wala usinilaumu. Ingetokea leo ningefanya vilevile.

Mwano unaujua: ukipigwa, kila mwanamume anatoka na chochote alichonacho. Siku ile nilipiga mpaka sauti ikakauka, na sikumwona mtu. Walikuwa wanajua. Mama alikuwa Mkristo, jina lake la ubatizo Monika, kila Jumamosi ndiye aliyefagia kigango. Wanajumuiya wenzake nao hawakuja, kwa kuwa anayemzika mchawi na yeye huanza kuangaliwa macho. Kitabu chao kinasema nini juu ya kuzika wafu unakijua kunishinda. Walikijua na wao.

Aliyekuja ni Maduhu, wakati huo akiishi jirani yetu kulekule Sapiwi. Alikuja na jembe begani. Hakutoa pole. Alichimba, mimi nikamwosha mama, na ulipofika wakati wa kumbeba nikamuuliza, "Huogopi?" Akasema, "Naogopa sana. Shika huku miguuni."

Lakini usije ukamgeuza mtakatifu, maana najua akili yako inavyopenda kugeuza. Alipomaliza kunisaidia alirudi kwake, akakuta ugali umepoa, akampiga mkewe kwa fimbo ya ng'ombe. Nilikuwa nimekaa juu ya udongo mbichi wa kaburi la mama na nikamsikia mkewe analia. Mkono ni uleule. Nimeishi na mambo hayo mawili miaka yote hii na sijaweza kuyatenganisha.

Siku ya kuuza, ile pamba ya mistari ya mama tuliichanganya na nyingine. Wakati wa ushirika karani angelimwaga gunia zima chini na kupekua, pamba safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule, na angekutana na yale madonge yaliyokauka rangi ya kutu. Yule mnunuzi mpya hakufungua hata mdomo wa gunia. Alipima, akapakia, akaenda. Nilisimama pale nikisubiri mtu mmoja tu ashtuke.

Nkwabi alilichukua shamba. Usimsubirie adhabu katika hadithi hii. Alikufa kitandani mwake, amenenepa, wajukuu wakimpepea, na padre alimpaka mafuta.

Baba yako akatuhamishia hapa Bariadi, naye akafariki ukiwa unatambaa. Ulikuwa hujaanza shule siku mwanamume mmoja alipoingia uani kwetu, amevaa rozari shingoni, akapiga magoti kwenye vumbi. Sikuuona uso wake, alikuwa ameuinamisha. Aliposema "Mwadila, mayu," nilimtambua kwa sauti.

Ni Simoni. Katekista Simoni, Paskali. Yule aliyekufundisha kusoma kwa kidole kwenye kitabu cha nyimbo, aliyekupeleka kwa padre ukawa mtumishi wa altare, aliyekuandikia barua ya kukupeleka seminari. Kabla ya ubatizo aliitwa Shigela, na ndiye aliyemuua bibi yako. Iweke barua chini kama unahitaji. Halafu endelea.

Aliniambia yote. Kwamba alikodiwa na Nkwabi kwa ng'ombe. Kwamba kabla ya kutoka walimchinjia mbuzi, wakaomba kwa mababu ili mkono wake usitetemeke. Liangalie hilo vizuri, wewe uliyemuuliza Maduhu lile swali. Hakuna kitu walichokuwa nacho kwa wingi siku ile kuliko kuwaogopa walio juu yao. Aliyekuja kumuua mama alikuwa ametumwa, ameombewa, amebarikiwa. Alikuwa na hakika anaisafisha nchi.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Nimeungama, mayu. Padre ameniondolea. Mungu amenisamehe. Nimekuja na wewe unisamehe."

"Mungu alikatwa wapi?" nikamuuliza.

Akaishika rozari yake shingoni.

"Nakuuliza. Alikatwa shingoni? Ni yeye aliyelala kwenye mtaro na pamba mdomoni?"

"Hapana, mayu."

"Basi amesamehe cha nani?"

Akaanza kulia. Nilikuangalia wewe, ulikuwa unachezea mchanga karibu na magoti yake, unamtazama anavyolia, umetoa ulimi. Akasema, "Niambie nifanye nini, nitafanya." Nikamwambia, "Sikusamehi. Lakini mvua zikianza, shamba langu la nje ya mji linataka kulimwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikua ukidhani Simoni anamlimia mama yako mjane kwa wema wa Kikristo, na jumuiya nzima ilimsifu kwa hilo, nami nikawaacha wasifu. Kila msimu alilima, akapanda, akapalilia. Sikumpa chakula. Sikumpa maji. Niliketi pembeni, chini ya mwavuli wangu, nikimtazama jasho linavyomtoka, na nilikuwa nikisubiri kitu ndani yangu kitulie. Nilidhani mwaka huu kitatulia, au mwaka ujao. Ukinipima kwa matendo, Paskali, mama yako ni mkatili kuliko unavyomjua, na nilikuwa hivyo nikiwa na akili zangu zote.

Mwaka ule wa ukame alianguka kwenye tuta. Unakumbuka, kwa sababu ulikuwa nami. Ulichota maji kwenye ndoo yetu kwa kata, ukamkimbilia, ukampelekea mdomoni, nami nikaipiga ile kata ikaruka, halafu nikakupiga na wewe kofi. Kwa muda mrefu ulidhani nilikupiga kwa sababu kata ilikuwa ya thamani. Nilikupiga kwa sababu ulimpa maji. Ulikuwa hujui alichofanya, hujaanza mafundisho, hakuna mtu aliyekutuma. Ulimwona mtu amelala kwenye jua, basi. Yeye alijipangusa yale maji yaliyomwagikia kidevuni, akainuka, akaendelea kulima.

Uliwahi kuniuliza kwa nini sikomuniki. Nilikuambia miguu inauma kupanga foleni. Ukweli ni kwamba nilimweleza padre aliyekuwepo wakati ule, mtu mpole, na akaniambia, "Mama, yeye ametubu. Wewe usiposamehe, wewe ndiye uliyejiweka nje ya meza ya Bwana." Kwa hiyo kila Jumapili aliyeua anakwenda mbele kupokea, na mtoto wa aliyeuawa anabaki kwenye benchi na vitoto na wanaoishi bila ndoa. Sijaacha kwenda. Napenda kuimba, na bado napenda kulitaja jina la Monika kwenye misa ya wafu, mlemle kanisani walimomkimbia. Lakini nimeielewa hesabu ya nyumba ile: deni nililokuwa nikidai lilifutwa na mtu ambaye sikumtuma, kisha nikadaiwa mimi.

Wala usifikiri nakuambia uachane nao. Nilijaribu upande mwingine pia. Baada ya yale maneno ya padre nilisema, sawa, nitaishi kwa ubinadamu tu, kama Maduhu, bila mtu wa juu. Lakini kila nilipojiambia kwamba utu wa mtu unatosha, nilimwona yule kijana amepiga goti kwenye pamba anamjibu mzee aliyemuuliza. Utu alikuwa nao. Alikuwa na mama aliyemlea, akamfundisha kwamba mkubwa akikuuliza unajibu, na lilikuwa limemwingia sana hata panga likiwa mkononi adabu ilitoka yenyewe. Haikumzuia kitu. Alijibu vizuri, akakata vizuri. Kwa hiyo sina pa kukuelekeza. Walio juu waliombwa wambariki, na malezi yake yakamwamkia mama, vyote viwili vilikuwepo pale shambani, na mama akafa.

Ila nilimuuliza jambo moja mwezi uliopita, alipokuja kunipa habari kwamba umekubaliwa. Alisimama pale anapopenda kusimama, hajawahi kukaribishwa kiti. Nikamwambia, "Simoni, ungekuwa hukubatizwa, ungekuja kwangu?"

Akageuka akatazama nje ya ua. Kisha akasema, "Nilikuja kabla sijabatizwa, mayu. Nilikuja mara nyingi. Nilifika mpaka kwenye ule ukuta wa minyaa, nakuona unachota maji, narudi."

"Ulikuwa unafuata nini?"

"Alinibakia sikioni. Yule mama. Aliniita mwanangu. Wenzangu waliniambia nichinje kuku, itapita. Nilichinja, haikupita. Nikaona nije kwako, na nikashindwa. Ndipo nikaenda kanisani." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikwenda kwa Mungu kwa sababu wewe nilikuogopa zaidi. Mungu hana macho ya kunitazama kama unavyonitazama."

Nimelifikiria neno hilo kuliko misa zote nilizosikia. Aliogopa kuja kwangu, akapita njia iliyokuwa rahisi, na njia ile rahisi ndiyo iliyompa miguu ya kufika kwangu. Sijui niiite nini. Bila mama kumwita mwanangu asingetafuta Mungu, na bila Mungu pengine angeendelea kurudia kwenye minyaa mpaka tufe wote wawili. Huko unakokwenda kusoma watakupa maneno ya kulisema. Mimi nakuomba usiyatumie haraka.

Maana siku moja utaketi kwenye kile kiti cha maungamo, Paskali, na mtu kama Simoni atapiga magoti upande wa pili wa wavu, atakuambia nilimkata mama mmoja shambani, na wewe utakuwa na uwezo wa kumwambia amesamehewa. Watakufundisha kwamba si wewe unayesamehe, ni yeye aliye juu. Sawa. Lakini kabla hujafungua mdomo muulize huyo mtu: kuna aliyebaki? Ana mtoto? Umekwenda kwake? Kama hajaenda, mwache na magoti yake pale mpaka yamuume. Ukimwachia aende nyumbani mwepesi, kumbuka kuna mwanamke mahali fulani utakuwa umemtwisha mzigo huo wewe.

Hilo ndilo kosa langu kubwa ninalotaka ulione, si kofi wala maji. Nilidhani uchungu wangu ni mali yangu, na kwamba nikimnyima yeye amani, mimi nitaipata. Nimemtumikisha miaka hii yote na nimebaki vilevile, isipokuwa shamba limelimwa. Kutosamehe hakukunipa kitu. Lakini nimekataa vilevile kusamehe kwa sababu ya kuamriwa, na hata leo, nikiwa naandika, sijamsamehe. Ikitokea siku nikamsamehe, nataka itoke kwangu, itoke mahali ambapo mama alikatwa, si kwenye kitabu. Huenda nikafa kabla. Najua, na kulingana na wanavyosema, najua nitakwenda wapi.

Utauliza kwa nini nimekuambia leo. Ningeweza kukaa kimya, ukaenda na Simoni wako mzuri moyoni, ukawa padre kwa ajili yake. Nimeona ni ukatili kukuambia, na nimeona ni ukatili zaidi kukuacha umpende mtu nusu. Hakukupenda kwa uongo. Nilimwangalia miaka yote, nikimtafutia hila hata moja kwako, sikuiona. Alikufundisha vizuri kwa sababu anakupenda, na alikupenda, nadhani, kwa sababu ulikuwa tumboni siku ile na hukufa. Nilimwambia hilo mimi mwenyewe, ili limuume. Likamfanya akupende.

Kesho mapema atakuja kukusindikiza stendi. Nitakupa barua hii ukinywa chai, kabla hajafika. Nilifikiri kukupa ukiwa umeshapanda basi, ili umuage kama zamani na ujue baadaye, ukiwa mbali, ambako ungeweza kupiga magoti na kumwachia Mungu. Nikaona hapana. Ataingia uani, atakunyooshea mkono, na padre hatakuwepo wa kukuambia la kufanya. Mimi nitakuwa nimekaa barazani na sitasema neno. Ukiushika mkono wake sitakukasirikia. Ukiuacha hewani sitakusifu. Nitatazama tu mkono wako, nione unatoka kwako mwenyewe au kwenye kitabu.

Mama yako,
Kabula